Ini, nyongo na kongosho: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa mgonjwa na ndugu zake wanaokaa kwenye benchi wakisubiri majibu. Hautachukua nafasi ya daktari aliyekushika tumbo, ila utakusaidia kujua cha kumuuliza.

Kwa nini viungo hivi vitatu hutajwa pamoja?

Kwa sababu vinatumia njia moja. Ini lipo kulia, chini ya mbavu, na kwa siku hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja. Sehemu yake hutunzwa kwenye mfuko mdogo uliojibanza chini ya ini, unaobeba mililita 30 hadi 50 hivi. Ukila chakula chenye mafuta, mfuko hujikamua na nyongo hushuka kwa mrija hadi mwanzo wa utumbo mdogo. Kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo, nalo mrija wake hufungukia hapo hapo. Ndiyo maana kijiwe cha milimita chache kikikwama mlangoni kinaweza kukuletea manjano machoni, kuvuruga vipimo vya ini na kuvimbisha kongosho, vyote kwa mpigo.

Nimetibiwa vidonda vya tumbo mwaka mzima, nikimaliza dawa maumivu yanarudi. Tatizo ni nini?

Hili ndilo swali linalotuumiza kichwa kuliko yote. Kwetu kila maumivu ya chembe ya moyo ni "vidonda" mpaka yathibitike vingine, na uthibitisho wenyewe hautafutwi. Mtu hupimwa bakteria wa tumbo kwa damu, majibu yanasema anao, anapewa mfuko wa dawa. Lakini watu wengi sana katika nchi zetu wameshakutana na bakteria huyo, wenye vidonda na wasio navyo. Kipimo hicho cha damu peke yake hakithibitishi kwamba ndiye anayekuuma leo.

Maumivu ya mawe ya nyongo yana tabia zake. Huja kwa vipindi, mara nyingi saa moja au mbili baada ya mlo mzito au katikati ya usiku. Hupanda, hukaa kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa, kisha huachia, na unaweza kukaa wiki nzima huna habari. Huanzia chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, yakaenda mgongoni au kwenye bega la kulia. Mgonjwa hujigeuza kitandani asipate mkao. Vidonda kwa kawaida huchoma, na mara nyingi hutulia ukinywa dawa ya kupunguza asidi. Kama umemaliza dozi mbili za vidonda na hali ni ile ile, usiombe ya tatu. Omba altrasaundi.

Altrasaundi inafanywaje, na kwa nini nisile?

Unakaa na njaa saa 6 hadi 8. Maji matupu kidogo hayana shida, ila chai ya maziwa na chapati mbili za asubuhi zinaharibu kazi yote: mfuko wa nyongo utakuwa umeshajikamua na kusinyaa, na mpimaji hataona kilichomo. Ukija umekula, sema. Utapangiwa siku nyingine, na hiyo ni afadhali kuliko kupewa majibu ya kubahatisha.

Chumbani utapakwa jeli ya baridi, utaambiwa uvute pumzi na uizuie, kisha ulalie ubavu wa kushoto. Kugeuka huko kuna maana. Jiwe huonekana kama doa jeupe lenye kivuli cheusi nyuma yake, na ukigeuka linaviringika kwenda upande mwingine. Kitu kisichosogea kinaweza kuwa kinyama kilichoota ukutani, na hicho hufuatiliwa kwa namna yake.

Kwa mawe yaliyo ndani ya mfuko, kipimo hiki hukosea mara chache sana. Udhaifu wake upo chini zaidi: mawe yaliyoshuka kwenye mrija, na kongosho lenyewe, hufichwa na gesi ya utumbo. Ukisoma kwenye karatasi yako kwamba kongosho halikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi, usidhani umeambiwa ni zima. Umeambiwa halikuonekana. Hapo ndipo CT skani au MRI ya mirija ya nyongo hupata kazi.

Nimekutwa na mawe lakini sisikii chochote. Nipasuliwe?

Kwa kawaida hapana. Wengi wenye mawe ya kimya huishi nayo mpaka uzee bila kusumbuliwa. Upasuaji huja pale maumivu yanapoanza au pakitokea madhara.

Wenye selimundu tunawaangalia tofauti. Chembe zao nyekundu huvunjika haraka, rangi yake hujaa kwenye nyongo na kuganda kuwa mawe, hata kwa mtoto wa shule. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, kwa hiyo hili si jambo la nadra kwetu. Mtoto mwenye selimundu anayelalamika tumbo mara kwa mara apimwe altrasaundi, isiwe kila siku anaambiwa ni "kuchemka kwa damu".

Jirani alikunywa mafuta ya zeituni na limao, akayatoa mawe chooni. Mimi nisijaribu?

Alichotoa ni kitu cha kijani, laini, kinachoelea, sivyo? Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya madaktari waliopeleka "mawe" ya namna hiyo maabara. Hayakuwa na kolesteroli, wala bilirubini (ile rangi inayotokana na damu iliyovunjika), wala kalsiamu, na yaliyeyuka kwenye joto la nyuzi 40. Yalikuwa sabuni iliyojitengeneza tumboni kutokana na mafuta yale yale aliyokunywa mgonjwa. Mawe yake halisi yalikuwa bado yapo kwenye mfuko. Na kuulazimisha mfuko wenye mawe ujikamue kwa nguvu kunaweza kulisukuma jiwe likwame kwenye mrija.

Ipo dawa halali ya kuyeyusha mawe, asidi ya ursodioksikoli. Inafaa kwa mawe madogo ya kolesteroli tu, hunywewa kwa miezi mingi, na ukiacha mawe mara nyingi hurudi.

Upasuaji wenyewe ukoje? Nitaishije bila mfuko wa nyongo?

Unaopendekezwa siku hizi ni wa matundu madogo, kwa kawaida manne, kamera ikipita moja. Wa kwanza kuufanya kwa nyongo alikuwa Erich Mühe, daktari wa Ujerumani, mwaka 1985. Wenzake walimbeza mwanzoni, na leo ndio njia ya kawaida ulimwenguni. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Penye kamera isiyopatikana, au uvimbe ukiwa mkubwa, hupasuliwa kwa njia ya wazi. Kovu ni refu na kupona huchukua muda zaidi, lakini ni tiba kamili ile ile.

Huondolewa mfuko wote, si mawe peke yake, kwa sababu mfuko uliotengeneza mawe utatengeneza mengine. Ini huendelea kutoa nyongo kama kawaida, ila sasa inatiririka moja kwa moja utumbo mdogo. Wachache huharisha wiki za mwanzo. Pilau utakula.

Macho yamekuwa ya manjano. Nianzie wapi?

Kwanza toka nje. Manjano hafifu hayaonekani vizuri chini ya taa. Vuta kope ya chini mchana, kwenye mwanga wa jua, mtu mwingine akutazame weupe wa jicho.

Halafu angalia choo, usione aibu. Mkojo wa rangi ya strungi na kinyesi kilichopauka hadi weupe, pamoja na mwili kuwasha, vinaelekeza kwenye mrija ulioziba: jiwe, uvimbe, au makovu. Manjano yenye homa, uchovu na kichefuchefu kwa mtu aliyekuwa mzima wiki iliyopita huelekeza kwenye ini lenyewe, hasa homa ya ini. Na manjano yenye upungufu wa damu, kinyesi kikiwa na rangi yake, huashiria damu inavunjika, kama kwenye malaria kali au selimundu.

Vipimo vya damu hufuata mantiki hiyo hiyo. Bilirubini hugawanywa mafungu mawili ili kujua kama ini limeshaipokea au bado. ALT na AST ni vimeng'enya vilivyomo ndani ya chembe za ini: zikipanda sana, chembe hizo zinakufa. ALP na GGT, vimeng'enya vya mirija ya nyongo, zikipanda kuliko hizo mbili, tafuta kuziba. Ila vinavyosema ini bado linafanya kazi kiasi gani ni albumini (protini inayotengenezwa na ini) na muda wa damu kuganda. Nimeona watu wakifurahia ALT iliyoshuka wakati damu yao haigandi. Kwa ini lililochoka, ALT inaweza kushuka kwa sababu hazijabaki chembe za kutosha kufa.

Je, mtoto mchanga mwenye manjano?

Wengi huwa nayo siku za mwanzo na huisha. Lakini manjano yanayoanza ndani ya saa 24 za kwanza ni ya kukimbilia hospitali, na yanayozidi siku 14 hayafai kupuuzwa. Mama, tazama nepi. Kinyesi cha mtoto kikiwa cheupe au kijivu, huenda mirija ya nyongo haikufunguka. Kuna upasuaji unaoitwa Kasai, kwa jina la daktari wa Japani aliyeubuni miaka ya 1950, na hufaulu zaidi mtoto akiwa hajafikisha siku 60. Kumwanika juani kila asubuhi hakutafungua mrija, na siku zinakatika.

Nilienda kuchangia damu nikaambiwa nina homa ya ini B. Ndiyo basi?

Sivyo. Wengi hugundua hivyo hivyo, wakiwa wazima kabisa: wakichangia damu, wakihudhuria kliniki ya wajawazito, au wakipimwa afya kwa ajili ya kwenda kufanya kazi Oman, Saudia na nchi nyingine za Ghuba, ambako anayekutwa na virusi hivi kwa kawaida huandikwa hafai. Hiyo ya mwisho inauma, maana mtu ameshauza ng'ombe wa nauli, halafu anapewa karatasi bila neno la ushauri.

Kipimo cha kwanza kinasema tu kwamba virusi vipo. Vikiendelea kuwepo baada ya miezi 6, ni maambukizi sugu. Hapo hupimwa wingi wa virusi, vipimo vya ini, chembe sahani za damu na altrasaundi, ili ijulikane kama ini limeanza kupata makovu. Si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 umelegeza masharti na sasa wanaostahili ni wengi zaidi. Dawa inayotumika sana ni tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, ile ile iliyomo kwenye dawa za VVU. Kwa sababu hiyo lazima upimwe VVU kwanza: ukiwa navyo, tenofovir peke yake itavifundisha usugu. Na ukishaanza usiache kienyeji, virusi hurudi kwa kishindo na ini linaweza kufeli.

Mwenza na watoto wapimwe. Wasio na virusi wala kinga wachanjwe dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Huenezwa kwa damu, kujamiiana, wembe na mswaki wa kuchangia, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Hauenezwi kwa sahani, wala kupeana mkono, wala kupikiwa. Tafadhali msimtengee shangazi kikombe chake.

Anayeambukizwa akiwa mchanga ana uwezekano wa takriban 90% kubaki navyo maisha yote. Mtu mzima, chini ya 5%. Kwa hiyo mama mjamzito apimwe mapema, apewe dawa ikihitajika, na mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14 inaendelea kama kawaida, na kunyonyesha ruksa.

Na homa ya ini C?

Hii haina chanjo lakini inatibika ikaisha. Vidonge kwa wiki 12, na zaidi ya 95% hupona kabisa.

Nilichanjwa homa ya manjano uwanja wa ndege. Inanikinga?

Hapana. Hiyo ni ya virusi vya mbu. Kadi ya njano haikukingi na homa ya ini B.

Baba hanywi pombe, ila ametapika damu na wengu umevimba. Anatoka Ukerewe.

Mfikirie kichocho cha tumbo. Minyoo yake huishi kwenye mishipa ya utumbo, na mayai yanayosukumwa hadi kwenye ini huacha makovu kuzunguka mishipa ya damu. Damu inakosa pa kupita, presha inapanda kwenye mishipa ya ini, wengu unavimba, na mishipa ya koo la chakula inatuna mpaka inapasuka. Kinachowachanganya watu ni kwamba vipimo vya ini mara nyingi huwa karibu sawa, kwa sababu chembe zenyewe ni nzima. Makovu huonekana kwenye altrasaundi.

Kutapika damu ni dharura: aongezewe damu, na kwa endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni, mishipa ile ifungwe kwa mipira. Baada ya hapo kuna dawa ya kushusha presha ya mishipa hiyo, na prazikwanteli ya kuua minyoo, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wasingoje damu. Watoto wameze dawa inapogawiwa shuleni.

Homa na maumivu makali ya kulia, lakini si nyongo wala malaria?

Linaweza kuwa jipu la ini, la amiba au bakteria. Altrasaundi huliona. La amiba hutibika vizuri kwa metronidazoli, kubwa hufyonzwa kwa sindano.

Mahindi yenye ukungu yanaharibu ini kweli, au ni maneno?

Kweli kabisa. Sumukuvu iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, wengi Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikaua Dodoma na Manyara. Hiyo ni ikiingia nyingi kwa mpigo. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka husababisha saratani ya ini, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini B hatari huongezeka maradufu na zaidi. Kupika hakuiondoi. Kausha mahindi na karanga sawasawa juu ya turubai, si juu ya udongo, na punje zilizooza au kubadilika rangi zitupwe. Usizipeleke kwa kuku wala kwenye pombe ya kienyeji.

Karatasi imeandika nina mafuta kwenye ini. Ninywe dawa gani ya kusafisha?

Hakuna ya kusafisha. Chupa zinazouzwa mitandaoni kwa jina hilo hazina ushahidi, na nyingine zina mimea inayoumiza ini. Pima sukari, presha na mafuta ya damu. Punguza uzito kwa 7 hadi 10%, yaani kilo 6 hadi 9 kwa mwenye kilo 90. Soda ndiyo ya kuanza kuiacha, kisha pombe. Kahawa chungu ya barazani, isiyo na sukari, endelea nayo. Tafiti nyingi zimeihusisha na ini lenye afya zaidi.

Panadol inaua ini?

Ukizidisha, ndiyo. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye ini bovu au mnywaji sana apunguziwe na daktari. Kumbuka dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Aliyezidisha awahishwe hospitali hata kama anajisikia mzima, kwa sababu ini huanza kuonyesha madhara siku ya pili au ya tatu, na dawa ya kuokoa hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema.

Kongosho likivimba ghafla inakuwaje?

Maumivu makali ya chembe ya moyo yanayochoma hadi mgongoni, kutapika kusikoleta nafuu, na mgonjwa kuinama mbele kutafuta unafuu. Sababu kubwa mbili ni mawe ya nyongo na pombe. Lipesi, kimeng'enya cha kongosho, kwenye damu ikipita mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, pamoja na maumivu hayo, inatosha kutambua. CT skani ya siku ya kwanza mara nyingi haihitajiki.

Hakuna kidonge cha kongosho. Tiba ni dripu za kutosha, dawa ya maumivu ya kweli, na kula mapema tumbo likikubali. Ule utaratibu wa kumkalisha mgonjwa na njaa siku tano umepitwa na wakati. Karibu 8 kati ya 10 hupona bila matatizo makubwa. Kama chanzo ni mawe na hali si kali, mfuko uondolewe kabla ya kuruhusiwa. Ukiambiwa "njoo baada ya miezi mitatu", uliza kwa nini, maana katika kusubiri huko shambulio hurudi.

Likiharibika polepole kwa miaka, dalili ni kukonda, kinyesi cha mafuta kinachoelea na kunuka sana, na baadaye kisukari. Vipo vimeng'enya vya vidonge, humezwa pamoja na chakula, si baada yake.

Tunaogopa saratani ya kongosho. Ishara yake ni ipi?

Manjano yasiyo na maumivu kwa mtu mzima wa makamo kwenda juu, mwili kuwasha, na nguo kupwaya. Wakati mwingine hutanguliwa na kisukari kipya kwa mtu asiye mnene. Hapa usipoteze wiki na dawa za minyoo wala za taifodi. CT skani huonyesha kama uvimbe unaweza kutolewa kwa upasuaji mkubwa unaoitwa Whipple. Wengi kwa bahati mbaya huja umeshasambaa, na hata hapo kuna cha kufanya: kijimrija huwekwa kwenye njia ya nyongo, mwasho unaisha, na dawa za saratani hutolewa kwenye vituo kama Ocean Road, Dar es Salaam.

Lini niende hospitali usiku huu huu?

Manjano pamoja na homa ya kutetemeka. Kutapika damu au kinyesi cheusi kama lami. Maumivu ya juu ya tumbo yaliyodumu zaidi ya saa 6. Mgonjwa wa ini anayeanza kuchanganyikiwa au kulala mchana na kukesha usiku. Tumbo lenye maji linaloanza kuuma na homa.

Pesa ni kidogo. Nianze na kipimo kipi?

Kwa maumivu ya juu ya tumbo yanayorudi: altrasaundi, ukiwa na njaa. Kwa manjano: altrasaundi, bilirubini, ALT, ALP na kipimo cha homa ya ini B na C. Kwa mtu mzima asiyeumwa chochote: homa ya ini B, mara moja maishani, halafu chanjo ikiwa huna virusi. Orodha ndefu ya vipimo inayotolewa kwa jina la "kuchunguza mwili mzima" iache mpaka mtu akueleze kila kimoja kinatafuta nini.

Ukija, beba karatasi zote za zamani, hata zilizochanika, na picha zenyewe kama unazo, si majibu yaliyoandikwa tu. Beba na dawa zote unazotumia, pamoja na ile chupa ya mitishamba. Hatutakugombeza, tunataka kuisoma tu.